Tarantula Wachimbaji wa Asia: Namna ya Kuwatambua na Kuwafuga Bila Kuumwa

Kwa siku nyingi za mwaka, mtu anayefuga tarantula mchimbaji kutoka Asia huwa anatazama boksi la udongo lenye tundu pembeni. Mwenyewe yuko chini. Akitoka, hutoka usiku taa zikiwa zimezimwa, akatandaza miguu ya mbele kwenye ukingo wa tundu lake na kusubiri nyenje apite. Ninalitanguliza jambo hili kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia juu ya buibui hawa, kwamba ni wakali, kwamba hurukia mkono, kwamba hawafugiki, hutoka kwa watu waliowanyima udongo wa kuchimba. Tarantula mchimbaji mwenye shimo refu akisumbuliwa hukimbilia ndani; asiye na shimo hana pa kukimbilia, hivyo husimama na kupigana. Karibu kila hatua ya mwongozo huu inarudi kwenye tofauti hiyo.

Buibui ninaowazungumzia ni wa familia ya Theraphosidae, yaani tarantula wote, ambayo ina spishi zaidi ya 1,000 duniani. Ndani yake kuna makundi mawili ya Asia yanayotuhusu. La kwanza ni Ornithoctoninae, lenye jenasi za Cyriopagopus na Ornithoctonus, ambazo wachimbaji wake hupatikana Myanmar, Thailand, Kambodia, Vietnam na kusini mwa China. La pili ni Selenocosmiinae, ambamo jenasi ya Chilobrachys ndiyo inayofugwa zaidi, na eneo lake linaanzia India na Sri Lanka hadi Vietnam. Huko kwao si viumbe vya maajabu. Katika mji wa Skuon nchini Kambodia, watu huwachimbua mashimoni, huwakaanga kwa kitunguu saumu na kuwauza kwa sinia kando ya barabara kwa abiria wa mabasi.

Hatua ya kwanza: Amua kama unamtaka kweli

Tarantula wengi wa Amerika wana vinywele vya kuwasha mgongoni mwa tumbo, na wakikasirika huvipukuta kwa miguu ya nyuma vikamwingia adui machoni na puani. Tarantula wa Asia hawana silaha hiyo, kama wasivyo nayo wa Afrika. Kilichobaki kwao ni mbio, vitisho na chonge, na vyote vitatu wanavitumia kwa wepesi unaoshangaza. Msomaji wa Kenya au Tanzania anayemfahamu Pterinochilus murinus, yule mwenye rangi ya chungwa ambaye wafugaji wa ng'ambo wamempa jina la milima yetu ya Usambara, tayari ana picha ya tabia hiyo. Tofauti kubwa kati yao iko kwenye maji: yule wetu huvumilia udongo mkavu, ilhali hawa wa Asia ni wa nchi za pepo za masika, na udongo ukikauka mpaka chini hudhoofika na kufa.

Kwa hiyo kama hujawahi kufuga tarantula yeyote, usianze na huyu. Na kama unataka mnyama wa kushika mkononi, achana naye kabisa, kwa maana hakuna namna ya kumzoesha. Mwenye watoto wadogo nyumbani awe na kabati la kufungwa kwa ufunguo. Mwenye mbwa au paka achukue tahadhari hiyohiyo: nchini Australia, tarantula wa kundi la Selenocosmiinae, ndugu wa Chilobrachys, wamewahi kuua mbwa kwa kuwauma, ingawa kwa binadamu kuumwa huko huishia kwenye maumivu na uvimbe.

Suala la sheria hutofautiana nchi na nchi. Aliye Kenya au Tanzania aulize kwanza mamlaka ya wanyamapori, KWS au TAWA, kwa kuwa kuingiza mnyama wa kigeni bila kibali ni kosa, na tarantula wa Asia akitoroka katika ukanda wenye joto na mvua kama pwani yetu hana sababu ya kufa upesi kama angetorokea theluji ya Ulaya. Mimi ninafuga nikiwa Uingereza, ambako hitimisho la mnyama aliyetoroka nyumbani mwezi wa Januari linajulikana.

Mwisho katika hatua hii, uliza kama anayeuzwa amezaliwa kwa mfugaji au amechimbuliwa porini. Majike wakubwa wanaouzwa kwa bei ya chini mara nyingi ni wa porini: huja na tumbo lililosinyaa, pengine na minyoo, na umri wao haujulikani. Mtoto wa buibui mwenye upana wa sentimita 2 au 3 aliyezaliwa bandani ni ununuzi bora, hata kama utasubiri miaka michache aonyeshe rangi zake.

Hatua ya pili: Mtambue kabla ya kuamini kibandiko

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Majina ya biashara hubadilika kila anapobadilika muuzaji, kwa hiyo daima dai jina la kisayansi, kisha lichunguze. Orodha ya majina yanayokubalika iko kwenye World Spider Catalog, inayosimamiwa na makumbusho ya historia ya asili ya Bern, Uswisi, na ni ya bure.

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba majina yenyewe yamehama. Hadi mwaka 2015 wachimbaji wengi wa Kundi la Ornithoctoninae waliitwa Haplopelma, na vibandiko vingi sokoni bado vinasema hivyo. Mwaka huo jenasi hiyo ilimezwa na Cyriopagopus. Kinyume chake, katika vitabu vya kabla ya hapo jina Cyriopagopus linaweza kumaanisha buibui wa mitini wa Malaysia ambaye leo yuko Omothymus. Aliyefuata maelekezo ya kitabu cha zamani kwa jina tu anaweza kumwekea mchimbaji gogo la kupanda na udongo wa vidole viwili, akamtesa bila kujua.

Baada ya jina, tazama mwili. Mchimbaji ana kifua kilichonyanyuka, mataya makubwa na miguu mifupi minene kuliko ya buibui wa mitini wa ukubwa uleule, ambaye nyayo zake hutanuka kama brashi bapa za kumwezesha kutembea juu ya kioo. Kipara cha vinywele vya kuwasha hakipo tumboni. Ukikiona, umeuziwa tarantula wa Amerika.

Rangi husaidia, lakini kwa buibui mzima tu na kwa mwanga mzuri. Cyriopagopus lividus, aliyepewa jina mwaka 1996, ndiye anayetafutwa kuliko wote: jike ana miguu ya buluu iliyoiva na tumbo la kijivu lenye mistari myeusi iliyopinda. Mtoto wake ni wa hudhurungi isiyo na mvuto, na dume akipevuka hupoteza buluu nyingi na kurudia rangi ya shaba, jambo linalowafanya wengi wadhani wameibiwa. Buluu yenyewe haitokani na rangi iliyo ndani ya nywele, bali na namna nywele hizo zilivyojengwa kwa tabaka nyembamba zinazorudisha mwanga wa buluu peke yake, na ndiyo maana buibui huyohuyo huonekana mweusi kwenye chumba chenye kiza. Cyriopagopus albostriatus ana michirizi meupe inayoteremka kwenye miguu, kama iliyochorwa kwa chaki. Cyriopagopus minax ni mweusi kwa ujumla. Ornithoctonus aureotibialis wa Thailand, aliyeelezwa mwaka 2005, ana rangi ya dhahabu kwenye pingili za miguu, kama jina lake la Kilatini linavyosema.

Upande wa Chilobrachys, fimbriatus wa India ana mistari ya giza iliyokatiza tumbo la rangi ya mchanga. Huahini wa Thailand ni wa kahawia ya kung'aa. Na natanicharum, aliyeelezwa mwaka 2023 baada ya kupatikana katika mikoko ya kusini mwa Thailand, ana buluu ya umeme inayowachanganya wanunuzi wanaomtafuta lividus.

Ikiwa rangi haikati ubishi, kuna alama mbili nyingine. Ya kwanza ni utando. Chilobrachys hufunika uso wote wa udongo kwa hariri, akajenga vichochoro juu na chini, mpaka boksi likaonekana kama limejaa moshi. Cyriopagopus naye hutandika hariri, lakini zaidi ndani ya shimo na kuzunguka mdomo wake, na udongo wa juu huachwa wazi. Alama ya pili ni ya uhakika zaidi, nayo huonekana kwenye gamba lililovuliwa: ukifunua sehemu ya ndani ya mzizi wa kipapasio (kiungo kama mguu mfupi kilicho kando ya mdomo), pale panapotazamana na mataya, Selenocosmiinae wana safu ya vinywele vyenye umbo la rungu, vyembamba shinani na vinene nchani, ambavyo husuguliwa kutoa mlio. Ornithoctoninae mahali hapo wana vijiti vilivyochongoka kama miiba. Kioo cha kukuza cha mara 10 kinatosha kwa buibui mkubwa, ila kwa mdogo utahitaji hadubini.

Hatua ya tatu: Jenga shimo kabla hajafika

Kwa buibui mzima mwenye upana wa miguu wa sentimita 12 hadi 15, chukua boksi la kioo au plastiki inayoonyesha ndani, lenye msingi wa sentimita 20 kwa 20 na kimo kisichopungua sentimita 30. Upana wa ziada hauna faida kubwa. Kimo ndicho kila kitu, na kimo chenyewe kijazwe udongo: sentimita 20 hadi 25 za udongo, zikibaki 5 hadi 10 tu za hewa chini ya kifuniko. Wageni hushangaa kuona boksi lililojaa hivyo na kuuliza mnyama atakaa wapi. Nafasi ndogo ya juu ina sababu nyingine pia, kwamba tarantula akipanda ukuta na kuanguka kutoka juu, tumbo lake linaweza kupasuka, na tumbo likipasuka mara nyingi ndiyo basi.

Udongo wenyewe uchanganye. Unga wa makumbi ya nazi, ule unaouzwa umeshindiliwa kama tofali, ni mzuri kwa kushika maji lakini peke yake shimo huporomoka. Changanya mafungu mawili ya makumbi na fungu moja la udongo wa kawaida wa bustani usiotiwa mbolea wala dawa ya wadudu. Ukiupata mfinyanzi kidogo, ongeza. Tia maji kidogokidogo huku ukikanda, kisha ufumbate konzi moja na kulikamua: udongo ulio tayari hushikamana ukabaki na alama za vidole, na matone mawili matatu hutoka kati ya vidole bila kumwagika. Uweke kwenye boksi kwa tabaka za sentimita 5, na kila tabaka ulishindilie kwa kitako cha glasi. Usione huruma, udongo uliolegea ndio unaomfukia buibui akiwa anajivua gamba.

Kisha mwanzishie shimo. Mimi hutumia kipande cha mpini wa ufagio wenye kipenyo cha karibu sentimita 3, nikakisukuma kwa mshazari kwenye pembe moja, kikipita ubavuni mwa kioo mpaka karibu na sakafu. Juu ya tundu laza kipande cha ganda la mti kama mlango wa pango. Nje ya kioo, upande huo, bandika karatasi nyeusi kwa gundi ya upande wa juu tu ili uweze kuinyanyua. Kwa kuwa kuna giza, buibui atakitumia kioo kama ukuta mmojawapo wa nyumba yake, nawe siku utakayotaka kumwona utainyanyua karatasi kwa dakika moja bila kumsumbua. Asipomwanzishia shimo mfugaji, buibui huenda akakaa wiki nzima ameng'ang'ania pembeni juu ya udongo, na wiki hiyo ndiyo hatari kuliko zote.

Matundu ya hewa yatobolewe pande mbili zinazotazamana, madogo kuliko kifua cha buibui. Kifuniko cha wavu wa chuma ninakikwepa, kwa sababu kucha za miguu hunasa humo. Kisahani cha maji kiwe kwenye pembe iliyo mbali na shimo. Kifuniko kifungwe kwa kitasa au mkanda, maana buibui wa ukubwa huu ana nguvu za kunyanyua kifuniko kilichowekwa tu.

Joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi linamfaa, kwa hiyo aliye Mombasa au Dar es Salaam hana haja ya kifaa chochote isipokuwa kivuli. Aliye kwenye baridi apashe chumba, au aweke kitambaa cha umeme ubavuni mwa boksi kikiongozwa na termostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Chini ya boksi asikiweke kamwe. Porini joto hutoka juu, na buibui akihisi joto huchimba kwenda chini kutafuta ubaridi. Ukilitoa joto chini, atachimba kulielekea mpaka akauke.

Hatua ya nne: Kumhamishia ndani

Hii ndiyo saa ya ajali. Ifanye mchana, peke yako au na mtu mmoja anayejua anachofanya, milango imefungwa na shimo la sinki limezibwa. Vitu unavyohitaji ni koleo ndefu ya sentimita 30, brashi laini ya rangi yenye mpini mrefu, kikombe cha plastiki kinachoonyesha ndani chenye mdomo mpana kuliko buibui, kipande cha kadibodi ngumu, na beseni kubwa au hodhi la kuogea la kufanyia kazi yote ndani yake, ili akichomoka awe bado amezungukwa na kuta zinazoteleza.

Ikiwa amekuja katika kopo dogo, njia ya amani kuliko zote ni kulifungua kopo kwa koleo, kulilaza ndani ya makazi mapya mdomo wake ukielekea tundu, kufunga kifuniko kikubwa na kwenda zako. Asubuhi kopo litakuwa tupu. Ikiwa lazima umsogeze, mguse taratibu kwa brashi kwenye miguu ya nyuma, wala si kwenye tumbo na wala si mbele, na muda wote kikombe kiwe mkono wa pili. Akikimbia, na atakimbia, usimfukuze. Hukimbia kwa kupasuka kama cheche kisha husimama ghafla, na pale aliposimama ndipo unapomfunika kikombe na kupenyeza kadibodi chini yake.

Kumtoa mchimbaji kwenye shimo lake la zamani ni kazi ngumu zaidi. Watu humimina maji shimoni ili atoke. Sipendi njia hiyo, kwa sababu hutoka amepandwa na hasira na hujui upande atakaotokea. Mimi hupunguza udongo kijiko kwa kijiko kuanzia upande ulio mbali na shimo, mpaka chumba cha mwisho kibaki na ukuta mwembamba, halafu hukiweka kikombe kwenye mdomo wa shimo na kumsukuma kwa brashi kutoka nyuma. Huchukua saa nzima.

Kabla hujafungua kifuniko siku yoyote ile, hakikisha kwa tochi buibui yuko wapi. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua boksi kwa mazoea ili nijaze maji, nikanyanyua kifuniko na buibui pamoja, kwa kuwa usiku ule alikuwa amehamia juu na kujitandia hariri kwenye pembe ya kifuniko. Aliteremka juu ya mpini wa koleo kwa kasi ambayo macho yangu hayakuifuata, nikaiachia koleo ikaangukia kwenye beseni. Vidole vyangu vilikuwa umbali wa shubiri moja tu.

Hatua ya tano: Chakula na maji

Hapa hakuna siri. Mtu mzima mpe nyenje mmoja au wawili, au mende wa kufugwa asiyezidi urefu wa tumbo lake, kila baada ya siku 7 hadi 10. Mtoto alishwe mara mbili kwa wiki wadudu wadogo au vipande vya funza wa unga. Usimpe mdudu uliyemkamata nyumbani wala shambani, kwa kuwa hujui amepuliziwa nini. Mdudu asiyeliwa mtoe baada ya siku moja, na masalio yaokote kwa koleo kabla hayajaota ukungu na kualika utitiri.

Maji ndiyo yanayohitaji akili zaidi. Lengo ni udongo wa chini uwe mbichi daima na wa juu uwe unakauka kidogo kati ya siku na siku. Kunyunyizia juu hakufikii lengo hilo, maana hulowesha utando na kuacha chini pakiwa pakavu. Mimina maji polepole kwenye pembe iliyo mbali na shimo yateremke ukutani, au pachika mrija kwenye pembe hiyo tangu ulipokuwa unajaza udongo. Utaona kwa macho kwenye kioo rangi ya udongo ikibadilika kutoka chini kwenda juu, na ikifika robo ya kimo acha. Kioo kikitoka jasho kutwa nzima, umezidisha maji au umepunguza hewa. Hewa iliyotuama huua kuliko ukavu wa siku chache.

Hatua ya sita: Soma vitisho vyake, na ujue la kufanya ukiumwa

Akiona hatari na shimo liko mbali, hujiegemeza nyuma, hunyanyua miguu minne ya mbele na vipapasio, na kufunua chonge mbili nyekundu kwa chini na nyeusi nchani. Chilobrachys huongeza mlio kama wa mafuta yanayochemka, kwa kusugua yale marungu niliyoyataja. Baadaye hupiga udongo kwa miguu ya mbele. Anayefika hapo amekuonya mara tatu. Rudisha koleo, funga kifuniko, rudi kesho. Kama hali hiyo hujirudia kila unapofungua, kagua udongo kabla ya kumlaumu buibui: huenda shimo limeporomoka, limejaa maji, au hakulipata tangu mwanzo.

Ukiumwa, maumivu huwa makali mara moja, pamoja na uvimbe, na kwa baadhi ya watu misuli hukakamaa kwa saa au siku kadhaa. Osha kwa maji na sabuni, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na kunywa dawa ya kawaida ya maumivu. Usichanje, usifyonze, usifunge mkono kwa kamba. Ukiona shida ya kupumua, kizunguzungu, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida au misuli inayokaza mbali na jeraha, nenda hospitali papo hapo na utaje jina la kisayansi la buibui. Hakuna dawa maalumu ya kuvunja nguvu ya sumu hii, hivyo daktari atatibu dalili zenyewe, na ataangalia pia kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu. Inashangaza kwamba sumu hiyohiyo iumizayo, ile ya Cyriopagopus schmidti wa China na Vietnam, ndiyo inayochunguzwa maabara kwa kuwa ina peptidi, yaani protini fupi, zinazoziba njia ambazo neva hupitishia maumivu.

Hatua ya saba: Mdomo wa shimo ukifungwa

Siku moja utakuta tundu limezibwa kwa udongo na hariri, na chakula hakiliwi. Hajafa. Anajiandaa kujivua gamba, na kwa mtu mzima shughuli hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi. Usichimbue. Nimeona mfugaji aliyechimbua kwa wasiwasi akamkuta buibui amelala chali, laini kama mkate uliolowa, katikati ya kujivua; mguu mmoja ulibaki ndani ya gamba na hakuishi wiki. Kazi yako kipindi hicho ni kisahani cha maji na unyevu wa chini, na kuandika tarehe kwenye mkanda wa karatasi juu ya kifuniko.

Tundu likifunguliwa tena, usimlishe hapohapo. Chonge mpya huanza nyeupe, hugeuka nyekundu, kisha nyeusi, na kabla hazijakauka nyenje anaweza kumtafuna yeye. Subiri siku 10 hadi 14 kwa mkubwa.

Gamba lenyewe husukumwa nje na kutupwa mlangoni kama takataka. Liokote kwa koleo, lilaze kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni kwa saa moja, kisha ulikunjue tumbo kwa vijiti viwili vya kuchokolea meno. Tafuta kwa ndani mabaka manne meupe, ambayo ni mahali pa mapafu. Kati ya mabaka mawili ya juu, kwenye mstari unaoyaunganisha, jike ana kifuko kidogo kilichosimama cha kuhifadhia mbegu za dume. Dume hana kitu hapo. Dume akipevuka ncha za vipapasio vyake huvimba kama ngumi, huacha shimo na kuzurura, na muda wake unaobaki huwa mfupi, ilhali jike huweza kupita miaka 10.

Buibui wangu wa pili nilimnunua kwenye maonyesho kwa kibandiko cha Cyriopagopus minax, mweusi, upana wa sentimita 6. Baada ya miezi mitatu boksi lote lilikuwa jeupe kwa utando, nikawa na shaka. Mdomo ulifungwa mwezi wa Oktoba, ukafunguliwa mwishoni mwa Novemba, na gamba likatupwa juu ya kisahani cha maji. Kati ya mapafu palikuwa na kifuko. Nilipogeuza mzizi wa kipapasio chini ya kioo cha kukuza, vinywele vilikuwa vimejipanga kwa safu, kila kimoja chembamba shinani na kinene nchani. Nilibandua kibandiko cha muuzaji nikaandika kwa kalamu: Chilobrachys, jike.